Kupiga kambi White Mountain wakati wa theluji: wapi ni ruhusa, wapi ni marufuku

Swali: Msomaji anayeishi Portland, Maine, mzaliwa wa Moshi ambaye aliwahi kufanya kazi ya upagazi Kilimanjaro, anaandika kwamba yeye na wenzake watatu wanataka kulala porini usiku mbili mwezi Februari katika Msitu wa Taifa wa White Mountain, New Hampshire. Mfanyakazi mwenzake mmoja amemwambia kupiga kambi wakati wa theluji ni marufuku. Mwingine kamwambia msitu ni mali ya umma, alale popote. Anauliza yupi mkweli, kama wanahitaji kibali na mwongozaji, kama wanaruhusiwa kuwasha moto, na kama wanaweza kulala juu, karibu na kilele cha Mount Washington.

Jibu:

Ndugu yangu, wenzako wote wawili wamekosea, ila huyo wa pili ndiye anayeweza kukuponza.

Msitu wa White Mountain haufungwi wakati wa baridi. Hakuna tarehe inayofika ikawa kambi zimepigwa marufuku msitu mzima, wala theluji yenyewe si sababu ya kukuzuia. Kinachokatazwa ni mahali. Tena zipo sehemu za mlima ambako kulala ni marufuku majira yote ya joto, lakini Januari ikifika zinafunguka, kwa sababu theluji imejaa ya kutosha. Ukielewa kwa nini iko hivyo, kanuni nyingine nyingi zitakuingia bila kuzikariri.

Nianze na kibali, maana jibu lake ni fupi. Kulala porini katika msitu huu, mbali na viwanja vya kambi vya kulipia, hakuhitaji kibali wala ada, na hakuna sheria inayokulazimisha kuwa na mwongozaji. Utakacholipa pengine ni maegesho: baadhi ya viwanja vya magari kwenye mwanzo wa njia vinatoza dola 5 kwa siku. Kwa kuwa mko wanne, hata kile kikomo cha watu 10 kwa kundi, kinachotumika katika sehemu sita za msitu zilizotengwa kisheria kuwa nyika, hakiwabani.

Kwa mtu aliyepandisha mizigo kupitia Machame au Marangu, uhuru huu unashangaza, na hapa naomba utulie nami kidogo. Kilimanjaro ulinzi unaanzia getini. KINAPA, mamlaka ya hifadhi ya Kilimanjaro, wanaandika majina, mzigo wa mpagazi unapimwa, mwongozaji ana leseni, na kila usiku mnalala kambi inayojulikana: Shira, Barranco, Karanga. Mtu akichelewa, yupo anayejua kwamba kachelewa. White Mountain hakuna geti. Hakuna atakayekuuliza unaelekea wapi, umebeba nini, au begi lako la kulalia linahimili baridi ya kiasi gani. Kazi yote iliyokuwa ikifanywa na geti, mwongozaji na kambi iliyopangwa, hapa umeachiwa mwenyewe. Ndiyo maana kanuni zake nyingi zimeandikwa kwa vipimo, umbali fulani kutoka hapa na kina fulani cha theluji pale, na anayepima ni wewe.

Kabla ya vipimo, jambo moja la historia, kwa sababu linajibu moja kwa moja hoja ya "lala popote". Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni ya mbao yalijenga reli zao ndani ya mabonde haya na kukata miteremko mizima. Matawi yaliyoachwa chini yakakauka na kushika moto, na mwaka 1903 sehemu kubwa ya misitu ikaungua. Viwanda vya nguo vya huku chini, vilivyoendeshwa kwa maji ya mto Merrimack, ambao vijito vyake huanzia kwenye milima hii, vikaanza kuhofia mto wao. Mwaka 1911 ikapitishwa Sheria ya Weeks, iliyopewa jina la John Wingate Weeks, mbunge wa Massachusetts aliyezaliwa Lancaster, New Hampshire. Sheria hiyo iliiruhusu serikali kuu kununua ardhi ya watu binafsi ili iwe misitu ya taifa, na White Mountain ukatangazwa rasmi mwaka 1918. Ni msitu ulionunuliwa kipande kwa kipande. Mpaka leo ndani yake na kandokando yake kuna ardhi ya jimbo na ardhi ya watu. Franconia Notch na Crawford Notch, sehemu mbili ambazo karibu kila mgeni huanzia, ni hifadhi za jimbo la New Hampshire, na huko kulala nje ya viwanja vya kambi hakuruhusiwi majira yoyote. Unaweza kuwa unatembea njia ileile, miti ileile, ukavuka mpaka bila kuuona. Kwa hiyo ramani utakayonunua iwe inayoonyesha mipaka ya umiliki, si njia peke yake.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni robo maili, yaani kama mita 400. Kuzunguka vibanda vya kulala wapanda milima, mabanda ya wazi, viwanja rasmi vya mahema, na kando ya baadhi ya barabara ikiwemo ile ya Kancamagus, hupigi hema wala huwashi moto wa kuni ndani ya umbali huo. Maeneo hayo yana jina rasmi, Maeneo ya Ulinzi wa Msitu, na kwenye vibao na ramani utayaona kwa herufi FPA. Yaliwekwa pale ambapo watu walikuwa wamezoea kulala hadi ardhi ikabaki tupu, mizizi nje. Watu wengi hudhani theluji ikifunika kibao, na katazo limefunikwa. Halijafunikwa.

Cha pili ni futi 200, kama mita 60. Ndio umbali unaotakiwa kutoka kwenye baadhi ya njia. Ushauri wangu ni kwamba uuchukulie kuwa sheria kwa kila njia na kila kijito, hapo hutahitaji kukumbuka ni njia ipi imo na ipi haimo. Wakati wa baridi kijito huwa kimejificha chini ya theluji, kwa hiyo umbali huo upime kwenye ramani, usiupime kwa macho.

Cha tatu ndicho kinachoujibu ule utata niliouanza, na kinahusu eneo la juu ya ukomo wa miti. Kanuni za msitu zinasema eneo hilo linaanzia pale miti inapokuwa mifupi chini ya futi 8, yaani kama mita mbili na nusu. Hapo kulala ni marufuku. Wakati wa baridi tu panaruhusiwa, na kwa sharti kwamba chini ya hema lako pana theluji ya angalau futi mbili, kama sentimita 60, na kwamba hujalala juu ya ziwa au kidimbwi kilichoganda.

Kwa nini futi mbili? Kwa sababu ya kilicho chini. Juu ya ukomo wa miti kuna mimea midogo inayolala chini kabisa kukwepa upepo na kukua polepole mno. Mmea usiozidi upana wa kiganja chako unaweza kuwa umeishi miaka mingi. Uzito wa watu wanne, hema na viatu vyenye meno ya vyuma usiku mmoja unatosha kuua zulia zima la mimea hiyo, na jeraha lake linabaki. Kuna mmea mmoja wa maua ya manjano, Potentilla robbinsiana, ambao makazi yake yote duniani ni katika milima hii tu. Kundi lake kubwa liko kwenye uwanda chini ya kilele cha Monroe, na njia ya Crawford, iliyochongwa mwaka 1819, ilikuwa ikipita katikati yake. Miguu ya wapandaji iliufikisha ukingoni. Mwaka 1980 ukaingizwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Idara ya Misitu na Klabu ya Milima ya Appalachia, wanaojulikana kwa herufi AMC, wakaihamisha njia, wakapiga uzio, na mimea mipya ikapandwa. Mwaka 2002 ukatolewa kwenye orodha hiyo kwa sababu umepona. Nauzungumzia mmea huu kwa kirefu kwa kuwa nimekutana na vijana wengi wanaoiona kanuni ya futi mbili kama ukiritimba wa ofisini. Ni kipimo kilichowekwa ili kuwe na kitu kati ya mgongo wako na mmea huo. Theluji ya sentimita 60 iliyoshindiliwa hubeba uzito wa hema. Upepo wa huko juu lakini hupeperusha theluji, kwa hiyo mahali pamoja panaweza kuwa na mita mbili, na hatua kumi mbele pakawa pameachwa mawe matupu na mimea. Chukua fimbo ya kupimia theluji, uichome sehemu kadhaa kabla hujafungua begi. Pasipotosha, shuka mpaka kwenye miti.

Kwa hiyo swali lako la Mount Washington lina jibu la sheria na jibu langu, na hayafanani. Kisheria, kilele chenyewe ni hifadhi ndogo ya jimbo na kulala pale hakuruhusiwi. Majengo yaliyoko juu hufungwa kwa umma wakati wa baridi, kwa hiyo usipande ukiwa na matumaini ya mlango. Upande wa mashariki wa kilele, kuanzia Boott Spur hadi Nelson Crag, juu ya mabonde ya Tuckerman na Huntington, hauruhusiwi hata theluji ikiwa mita tatu. Chini yake, katika bonde lote la mto Cutler, unaruhusiwa kulala mahali pawili tu: kwenye mabanda ya Hermit Lake yanayosimamiwa na AMC, na katika kibanda cha wapanda milima wa Harvard na viwanja vyake vya mahema, ambacho hufunguliwa miezi ya baridi. Kwingineko kwenye safu hiyo ya milima, ukitimiza ile kanuni ya futi mbili, sheria inakuruhusu.

Jibu langu ni hapana. Usilale juu ya ukomo wa miti safari hii, na uzoefu wako wa Kilimanjaro usikushawishi. Nasema hivi kwa heshima, najua mpagazi anabeba nini na anapita wapi. Lakini Mount Washington una urefu wa mita 1,917 tu. Kilele chake kiko karibu sawa na geti la Marangu, pale ambapo watu husimama na fulana wakisubiri kuandikishwa. Urefu huo unadanganya. Mlima huu uko latitudo ya nyuzi 44 kaskazini, mapito kadhaa ya dhoruba hukutana juu yake, na umbo la safu yake huubana upepo unaotoka magharibi ukaongezeka kasi. Tarehe 12 Aprili 1934 kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na kipimo hicho kikabaki rekodi ya dunia kwa zaidi ya miaka 60. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2023, mwezi uleule unaotaka kwenda, joto lilishuka hadi nyuzi 44 za Selsiasi chini ya sifuri, na pamoja na upepo mwili ulikuwa unahisi kama nyuzi 78 chini ya sifuri. Kilimanjaro kinachokuumiza ni hewa nyepesi, na dawa yake ni kwenda polepole na kushuka. Hapa kinachoua ni upepo pamoja na unyevu, vinakuja kwa saa moja, na kwenda polepole hakukusaidii. Kituo hicho hutoa utabiri wa vilele kila asubuhi. Usome kabla hujatoka nyumbani, na usome tena asubuhi ya kupanda.

Kuhusu Tuckerman na Huntington, neno moja tu: maporomoko ya theluji. Watu wamefia humo, na Idara ya Misitu ina kituo maalumu cha kutoa tahadhari kwa mabonde hayo na mengine ya safu hiyo. Kulala Hermit Lake ni ruhusa na ni salama kwa kiasi kikubwa. Kupanda kutoka hapo kuingia bondeni bila mafunzo ya maporomoko, bila kifaa cha kutafutana chini ya theluji, sepetu na fimbo, hilo usilifanye hata anga likiwa jeupe.

Kizuizi kingine cha baridi hakimo kwenye kanuni za kambi kabisa, nacho ni barabara. Barabara nyingi za ndani ya msitu hufungwa kwa magari theluji ikianza. Barabara ya Zealand, kwa mfano, ambayo majira ya joto inakufikisha hadi mwanzo wa njia, wakati wa baridi inafungwa tangu barabara kuu namba 302, na hapo unaongeza zaidi ya kilomita tano za kutembea kila upande. Tripoli nayo hufungwa. Jefferson Notch inageuzwa njia ya pikipiki za theluji. Waandishi wa vitabu vya njia hukadiria muda kwa majira ya joto. Wewe chukua muda huo, ongeza umbali wa barabara iliyofungwa, kisha ujue kwamba katikati ya Februari jua linazama muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, na bondeni giza linatangulia. Usiegeshe gari ukingoni mwa barabara. Magari ya kusukuma theluji hupita usiku, na gari lililozuia litavutwa kwa gharama yako. Na mkikutana na njia za pikipiki za theluji, pisheni mapema, maana dereva hawezi kusikia mtu.

Moto. Nje ya maeneo ya FPA moto wa kuni kwa jumla unaruhusiwa, kwa kuni zilizokufa na kulala chini. Kukata mti au tawi bichi ni kosa. Katika nyika ya Great Gulf, chini ya vilele vya kaskazini, moto wa kuni umekatazwa moja kwa moja, majira yote, na Hermit Lake vivyo hivyo. Lakini hata pale unaporuhusiwa, mimi nisingeutegemea. Kuni zilizolala chini ziko chini ya mita moja ya theluji, zile unazoziona zimeganda maji, na moto ukiwashwa juu ya theluji huyeyusha kitako chake na kuzama. Mtu aliyelowa jasho, anayetetemeka, akianza kutafuta kuni gizani, ameshachelewa. Wewe umeona mlima wetu ulivyoungua Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, unajua kwa nini huko wanapikia gesi. Fanya hivyohivyo huku, ila kwa tofauti moja: mitungi midogo ya gesi ya kawaida huishiwa nguvu kwenye baridi kali, kwa sababu butani iliyomo huacha kugeuka mvuke joto likishuka chini ya sifuri. Chukua jiko linalotumia mafuta ya kimiminika, ile petroli safi (white gas) inayouzwa madukani kwa majiko ya kambini. Na usipikie ndani ya hema lililofungwa. Ni hewa ileile ya sumu inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa chumbani. Kwenye hema dogo lililozibwa na theluji inajaa haraka zaidi.

Jiko hilo litakuwa pia kisima chenu, maana maji mtayapata kwa kuyeyusha theluji. Weka kwanza maji kidogo chini ya sufuria, ndipo uongeze theluji, vinginevyo sufuria itaungua na maji yatakuwa na ladha ya moshi. Hesabu mafuta maradufu ya unavyodhani. Chupa zilale kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na mdomo ukiganda huwezi kufungua.

Mavazi sitayarefusha. Jinzi na fulana za pamba ziache kwenye gari. Pamba ikilowa haikaushwi na joto la mwili. Sufu au nguo za nyuzi za viwandani, tabaka kwa tabaka, na kuvua kabla hujaanza kutoka jasho. Begi la kulalia la kuhimili nyuzi 29 chini ya sifuri, na magodoro mawili chini yake, moja la povu, kwa sababu baridi ya chini ndiyo inayomaliza watu usiku. Vitu hivi ni ghali mno kununua kwa safari moja. Maduka mengi ya milima huko North Conway na Lincoln huvikodisha, pamoja na viatu vya theluji, vile vipana vya kufunga chini ya buti ili usizame. Viatu vya theluji ni vya lazima hata kama njia inaonekana imeshindiliwa, kwa kuwa ukikanyaga bila hivyo mchana theluji ikilainika, unaacha mashimo yanayoganda usiku na kuvunja mguu wa anayekuja kesho.

Na choo, swali ambalo watu huona haya kuliuliza. Ardhi imeganda, huwezi kuchimba. Kinyesi ukikifukia kwenye theluji tu, mwezi wa Aprili kinaibuka juu ya njia na kuingia mtoni. Beba mifuko maalumu, kiingie humo, kishuke nanyi. Kwenye baridi ile hakinuki.

Sasa mpango ninaoupendekeza, kwa watu wanne wenye nguvu ambao hawajawahi kulala kwenye theluji. Nendeni uwanja wa kambi wa Hancock, kando ya barabara ya Kancamagus, kilomita chache mashariki ya mji wa Lincoln. Barabara hiyo husafishwa na hubaki wazi wakati wa baridi, na uwanja huo ni miongoni mwa vichache vinavyofunguliwa mwaka mzima. Mtalipia, lakini gari liko karibu. Usiku wa kwanza mtajifunza ni nani begi lake halitoshi na jiko lipi linakataa, mkiwa hatua chache kutoka kwenye injini yenye kipasha joto. Mchana wa siku ya pili tembeeni njia ya Lincoln Woods, iliyo jirani. Ni tambarare kwa sababu inafuata tuta la reli ya zamani ya wakata mbao, mpaka leo utaona mataruma yake pale theluji inapopungua. Rudini Hancock kulala. Kama usiku wa pili wote wanne mmelala usingizi wa kweli, safari ijayo iwe ya kwenda kibanda cha Zealand Falls, ambacho AMC hukiacha wazi wakati wa baridi kwa utaratibu wa kujipikia, vyumba vya kulala vikiwa havina joto. Ni kama kilomita kumi kwenda, ukihesabu ile barabara iliyofungwa. Ukiwahi kulala vibanda vya Mandara au Horombo, njia ya Marangu, utaelewa utaratibu wake mara moja, ila begi la kulalia liwe lilelile la nyuzi 29. Hapo ndipo mtakuwa tayari kuzungumzia hema porini, na baadaye sana, theluji ya futi mbili juu ya miti.

Kuhusu uokoaji, kuna sheria ya New Hampshire ambayo wageni wengi hawaijui. Wanaokuja kukutafuta ni maofisa wa idara ya wanyamapori na samaki ya jimbo pamoja na watu wa kujitolea, wanatoka usiku katika hali ileile iliyokushinda. Ikionekana ulikwenda kwa uzembe, jimbo linaweza kukudai gharama zote. Tangu mwaka 2015 idara hiyo inauza kadi inayoitwa Hike Safe, dola 25 kwa mtu na 35 kwa familia, ambayo inakulinda na deni hilo kwa uzembe wa kawaida, si kwa kujiingiza hatarini makusudi au bila kujali kabisa. Nunueni, kila mmoja ya kwake. Hata msipoihitaji, fedha zake huingia kwenye kazi ya utafutaji na uokoaji ya idara hiyo. Simu msiitegemee, mabonde mengi hayana mtandao. Mwachieni mtu mmoja Portland karatasi yenye majina yenu, namba ya gari, njia mtakayopita, na saa ambayo akikosa kuwasikia apige 911. Mtu huyo ndiye geti lenu.

Upande wa Lincoln wa barabara ya Kancamagus, ikiwemo Hancock, unasimamiwa na ofisi ya msitu iliyoko Campton. Upande wa Mount Washington ni ofisi ya Gorham. Pigeni simu wiki ya safari, si mwezi kabla. Waulizeni mambo mawili: kama Hancock imesafishwa theluji, na kama kuna agizo jipya la kufunga njia au eneo, kwa sababu daraja likibebwa na barafu au dhoruba ikiangusha miti, agizo hutolewa papo hapo na ramani mliyonunua haitalijua.